MCA si mjenzi wa barabara

Kila msimu wa kampeni nchini Kenya utasikia: “Huyu anayezungumzia bajeti hana kitu, tunataka wa kutuletea barabara.” Dhana hiyo inatuumiza. Kwa Katiba ya 2010 na sheria za ugatuzi, mwakilishi wa wadi (MCA) hutunga sheria za kaunti, huidhinisha mipango na bajeti, na humulika serikali ya gavana. Barabara za kaunti hujengwa na serikali hiyo.

Kwa hiyo anayeahidi kulinda pesa anaomba kazi yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka, kwa kipindi cha miaka kadhaa, angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kupita. Mwulize mgombea wako, hata akiwa anagawa leso na unga: fungu la safari ni kiasi gani? Zahanati iliyokwama kwenye lenta, mwanakandarasi anadai ngapi?

Vikao vya maoni ya umma kuhusu makadirio hayo viko wazi kwa kila mkazi. Mgombea aliyewahi kukaa humo akauliza maswali, mimi nampa uzito kuliko mwenye msafara wa magari.