Mlango Wenye Kufuli Nao Ni Kaya

Mafunzo ya wadadisi wa kujitolea, yaani wanaopita nyumba kwa nyumba kuhoji watu kwa ajili ya utafiti wa afya, huwa nayaanza kwa swali linaloonekana jepesi kuliko yote: kaya ni nini? Karibu kila mmoja hujibu kwamba kaya ni familia. Katika mitaa ya Dar es Salaam tunayofanyia kazi, kama Vingunguti, Manzese na Tandale, jibu hilo likiachwa lilivyo, utafiti wa afya huharibika kabla dodoso halijafunguliwa.

Nyumba nyingi za mitaa hiyo ni nyumba za Kiswahili zenye ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma penye choo kinachotumiwa na wote. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili na vingine amepangisha. Mdadisi anayehesabu nyumba ataandika kaya moja, na anayehesabu milango ataandika sita, lakini wote wawili wanaweza kuwa wamekosea. Mama wa chumba cha tatu huenda anakula pamoja na mwanawe aliyepanga chumba cha tano, ilhali vijana wawili wanaochangia chumba cha sita kila mmoja anajinunulia chakula chake. Tunachofuata sisi ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, kwa hiyo swali la kwanza linaloulizwa ukumbini ni nani anapika na nani anakula. Sensa ya mwaka 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchini Tanzania. Timu ikinirudishia wastani wa watu tisa, najua bila kuuliza kwamba imehesabu nyumba.

Baada ya kaya huja mlango wenye kufuli. Katika utafiti wa kwanza niliousimamia, wadadisi wangu walikuwa wakikuta chumba kilichochaguliwa kimefungwa, wanahamia cha jirani, na wanamaliza siku mapema. Sikuwakataza kwa maneno yaliyo wazi, na kosa hilo ni langu. Tulipoyatazama majibu tukaona karibu kila mama aliyehojiwa ni mama wa nyumbani, katika mtaa ambao mama ntilie na wachuuzi wa samaki hutoka alfajiri na kurejea jioni. Watoto wao, wanaoshinda kwa jirani au kwa bibi, hawakuwamo kabisa, na hao ndio watoto ambao hali yao tulihitaji zaidi kuijua.

Udhaifu wa namna hii ni wa siku nyingi. Kwa muda mrefu tafiti za chanjo duniani zilifuata utaratibu wa vishada 30 vya watoto 7, yaani maeneo 30 yaliyochaguliwa na watoto saba katika kila moja, ambapo mdadisi alisimama katikati ya kijiji, akazungusha kalamu au chupa, akafuata upande ilikoelekea na kwenda mlango hadi mlango mpaka watoto saba watimie. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani umeachana na njia hiyo, na unataka kaya ichaguliwe kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha na isibadilishwe na nyingine. Kwetu sisi hilo lina maana ya kurudi mara tatu, walau mara moja jioni au Jumapili. Ikishindikana kabisa, mdadisi anaandika kwamba hakumkuta mtu. Chumba hicho kitabaki katika hesabu kama kaya ambayo haikuhojiwa.

Kuhusu maneno ningeweza kuandika siku nzima. Mwezi mmoja baada ya masika nilikaa kwenye kigoda uani nikimsikiliza mdadisi, binti wa mtaa huohuo, akimuuliza mama aliyekuwa akichambua mchicha kama mwanawe aliugua katika wiki mbili zilizopita. “Hapana dada, hajaugua, anaota meno tu.” Binti alikuwa amefundishwa asiishie hapo. Akamuuliza kama mtoto alipata choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku moja, na mama akajibu kwamba Jumanne alibadilishwa nguo mara tano. Kwa kipimo tunachotumia huko ni kuhara, lakini kwa mama kuota meno si ugonjwa, na aliyosema yalikuwa kweli tupu kwa mujibu wa swali aliloulizwa. Degedege nayo ni vivyo hivyo: wapo wazazi wasioihusisha na malaria hata kidogo, kwa hiyo anayeuliza habari za homa peke yake hataisikia. Hata wiki mbili zinahitaji nanga, kwa mfano “tangu Ijumaa ile ya juzi”, la sivyo mama ataingiza jambo la mwezi uliopita.

Watu huniuliza kwa nini tunatumia vijana wa mtaa. Wanajua uchochoro upi unapitika mvua ikinyesha, na mjumbe akiwaitikia hodi mlango unafunguka. Hata hivyo, mama hatasema habari za mimba iliyoharibika mbele ya binti anayechota naye maji bombani. Kwa sababu hiyo tunawabadilisha: wa mtaa huu wahoji mtaa wa pili, na mazungumzo yafanyike chumbani, si ukumbini penye masikio ya vyumba sita. Majina hubaki mbali na majibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai uangalifu huo kwa habari za afya, nasi tulipaswa kuwa nao hata kama sheria isingekuwepo.

Lililo zito zaidi kwangu ni utepe wa kupimia mkono. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegezwa. Chini ya sentimita 11.5 utepe huonyesha nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Mdadisi hawezi kuiandika nyekundu hiyo kisha akapiga hodi chumba kinachofuata. Tunamtaka aandike rufaa palepale, amweleze mama ni kituo kipi na siku zipi, na baada ya wiki arudi kuuliza kama walifika. Fedha za kurudi huko ziingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, na mfadhili akizikata mimi siendelei na utafiti.

Wakazi wa mitaa hii wameandikwa mara nyingi. “Mmekuja kuandika tena?” ndiyo salamu ya kwanza ya vyumba vingi, na wana haki ya kuuliza, maana waliotangulia waliondoka na madaftari yao wasionekane tena. Sasa tunabandika matokeo kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa na kuyasoma mkutanoni, wadadisi wenyewe wakiyaeleza. Mkutano uliopita mama mmoja alisimama akasema hesabu yetu ya vyoo imepungua, kwa kuwa nyumba yake ina viwili na kimoja kiko nyuma ya ukuta. Jumatatu iliyofuata tulikwenda kukiona, kipo.