Mishale haikumwona mpangaji

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia vikao vya mafuriko katika mtaa mmoja wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Nilifika na karatasi kubwa, maka peni za rangi tatu, na njia moja niliyoipenda kupita kiasi: mienendo ya mifumo, aliyoianzisha Jay Forrester katika chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1950. Unaandika vitu vinavyoongezeka na kupungua, unaviunganisha kwa mishale, kisha unatafuta mizunguko inayojilisha yenyewe.

Mchoro ulitoka vizuri. Miti ikikatwa na nyumba zikizidi huko juu Pugu, mvua inashuka na mchanga. Mchanga unatuama Jangwani, ambako mto umeshapoteza mteremko. Kina kinapungua, na mvua inayofuata, hata iwe ndogo, inaingia majumbani. Kodi ya vyumba inashuka, watu wenye kipato kidogo wanakuja kupanga, taka na vibanda vinaubana mto, tunaanza upya. Wahandisi waliafiki. Mimi nikajipongeza kimoyomoyo.

Jioni nilikuwa napanga karatasi za mahudhurio ili watu walipwe nauli. Nikaona kwamba kila aliyesaini ni mwenye nyumba au kiongozi wa mtaa. Mjumbe aliwaita anaowafahamu, tena saa nne asubuhi siku ya Jumanne, wakati wapangaji wako Kariakoo wanasukuma mikokoteni. Kwenye mchoro wangu neno “wapangaji” lilikuwepo, lina mshale unaoingia na mwingine unaotoka. Wenyewe hawakuwepo.

Kosa hilo mishale isingelionyesha kamwe, kwa sababu mchoro wa mizunguko hauulizi nani kauchora. Anayeuliza ni Werner Ulrich, Mswisi ambaye mwaka 1983 alitoa maswali 12 kuhusu mipaka ya mfumo: nani ananufaika, nani anaamua, ujuzi wa nani unahesabiwa, nani anawasemea walioguswa bila kushirikishwa. Kila swali linaulizwa mara mbili, mambo yalivyo na yanavyopaswa kuwa. Siku hizi ninaanza na maswali hayo, hata kama mfadhili anataka kuona mchoro kabla ya chakula cha mchana.

Wapo wanaodhani kuchanganya njia ni kama kubeba boksi la fundi: leo bisibisi, kesho spana. Michael C. Jackson, msomi wa mifumo wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza (si yule wa muziki), amekuwa akionya kwamba kila njia ina namna yake ya kuiona dunia, na ina upofu wake. Ninakubaliana naye, na ninaongeza kwamba faida kubwa inapatikana pale njia mbili zinapogombana.

Ugomvi tulioupata sisi ulihusu tope, yaani ule mchanga unaoshuka na mvua. Nilichukua njia ya Peter Checkland wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, ambayo haianzi na tatizo. Inaanza na namna kila mtu anavyoiona hali. Tukauliza: mto huu ni nini? Mhandisi akasema ni mkondo wa kupitisha maji. Kijana mchimba mchanga akasema ni shamba, “mvua ikinyesha mchanga unakuja wenyewe, mimi navuna tu.” Mpangaji mmoja, mama aliyeinua kitanda na friji juu ya matofali matatu matatu, akasema ni chumba cha bei nafuu ambacho mtu anatembea kwa miguu hadi sokoni.

Rudi sasa kwenye mishale. Kwa mhandisi, tope likizidi hasara inazidi. Kwa kijana, tope likizidi kipato kinazidi. Ni neno lile lile, alama kinyume. Tungechora mizunguko peke yake tungemweka yule kijana kama kero ya kuondolewa. Tungebaki na mazungumzo peke yake tungekuwa na hadithi tamu, bila kujua kwamba anachochota chini ya daraja kinauzuia mto usijae mchanga, ila anachochimba kwenye kingo kinaleta mmomonyoko. Kazi ni moja, madhara yanategemea anasimama wapi.

Jibu la yule mama nalo lilinifafanulia jambo la Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia za bondeni zilipewa viwanja huko, na baadhi ya watu wakarudi bondeni. Mbali na Kariakoo, nauli inakula kile ulichookoa kwenye mafuriko.

Stafford Beer, Mwingereza mtaalamu wa uongozi wa taasisi, na mfano wake wa taasisi inayoweza kujiendesha, nilimtumia kwa nusu saa tu, na ilitosha. Mto unaanzia Kisarawe, mkoa wa Pwani, kisha unapita kwenye himaya za halmashauri kadhaa za Dar. Swali lake lilikuwa dogo: nani kazi yake ni kuzioanisha hizo zote, kila wiki, mvua isiponyesha? Ukumbini palikuwa kimya.

Kikao kilichofuata tulikiweka saa kumi na mbili jioni, chini ya mwembe, kwa sababu ndiyo saa wapangaji wanarudi. Walikuja kumi na mmoja. Karatasi mpya zilikuwa zimeisha, kwa hiyo tuliugeuza ule mchoro wangu mzuri tukaanza kuandika upande wa nyuma. Kitu cha kwanza walichokitaja, wala hakikuwemo upande wa mbele, ni kodi ya miezi sita wanayolipa mkupuo: maji yakiingia mwezi wa pili, huhami, hela yako imeshaenda.