Fuvu la Mkwawa liliahidiwa nani?

Pale Kalenga, nje kidogo ya Iringa, fuvu la Mkwawa, mtwa (chifu) wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, nao wakalichukua fuvu lake hadi Ujerumani, limewekwa ndani ya kioo. Wengi tumekua tukiamini kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uliwapa Wahehe haki ya kurudishiwa fuvu hilo. Sivyo. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza, ndani ya miezi sita. Wahehe, ambao ndio waliompoteza mtwa wao, hawakuwa upande wowote wa mkataba. Mwenye haki alikuwa dola. Ndiyo maana ahadi iliposuasua, wao kama jamii hawakuwa na pa kushtaki. Inauma. Walingoja hadi Juni 1954, Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipolikabidhi kwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa.