Maana ya Siku ya Wafu nchini Meksiko

Siku ya Wafu, ambayo kwa Kihispania huitwa Día de Muertos, ni desturi ya Wameksiko ya kuwapokea marehemu wao kila mwaka, hasa tarehe 1 na 2 Novemba, kwa chakula, maua, mishumaa na ziara za makaburini. Msingi wake ni imani kwamba marehemu hurudi kwa muda mfupi kuwatembelea jamaa zao, na kwamba mgeni huyo hapaswi kuikuta nyumba ikiwa tupu. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi utamaduni wa Meksiko mara nyingi huanza na mafuvu ya sukari, kwa sababu ndiyo yanayovutia macho. Matokeo yake ni kwamba darasa zima hubaki na picha ya sikukuu ya kutisha. Kwa maoni yangu ni afadhali aanze na meza.

Meza hiyo huitwa ofrenda, na huandaliwa majumbani, shuleni na hata maofisini. Huwekwa picha za marehemu, glasi ya maji ya kukata kiu baada ya safari ndefu, chumvi ya kutakasa, na mishumaa ya kuangaza njia. Hufukizwa copal, utomvu mkavu wa miti unaofanana na sandarusi ya pwani yetu, ambao watu wa Meksiko waliutumia katika ibada tangu kabla ya Wahispania kufika. Huwepo pia pan de muerto, mkate mtamu wenye vipande vya unga vilivyofinyangwa kwa umbo la mifupa, pamoja na vyakula ambavyo marehemu mwenyewe alivipenda: kama alipenda tamales (unga wa mahindi uliofungwa katika majani na kupikwa kwa mvuke), atawekewa tamales, kama alikuwa mvutaji, atawekewa sigara yake. Maua ya cempasúchil, yenye rangi ya chungwa iliyokolea, hupamba meza yote, na mara nyingi petali zake humwagwa kuanzia mlangoni ili rangi na harufu yake zimwongoze anayerudi. Hakuna kinachowekwa hapo kwa urembo mtupu, na mwanafunzi akishaelewa kwa nini glasi ya maji ipo, ameielewa sikukuu yenyewe.

Kwa kawaida tarehe 1 Novemba huhesabiwa kuwa siku ya watoto waliofariki, na tarehe 2 ya watu wazima, ingawa zipo jamii zinazoanza tarehe 28 Oktoba kwa kuwakumbuka waliokufa katika ajali au kwa ukatili.

Asili yake ni mchanganyiko. Wamexica, ambao wengi huwaita Waazteki, waliotawala mji wa Tenochtitlan hadi ilipotekwa na Wahispania mwaka 1521, walikuwa na sherehe zao za wafu. Wamisionari nao walileta Sikukuu ya Watakatifu Wote na siku ya kuwaombea marehemu wote. Wakatoliki wa Tanzania, Kenya na Kongo wanazifahamu vizuri tarehe hizo mbili, kwa hiyo mwanafunzi aliyewahi kuhudhuria misa ya kuwaombea marehemu tayari anajua sehemu ya jambo hili. Ni kiasi gani kilitoka upande upi, wanahistoria bado wanabishana. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza desturi hii, kama inavyoadhimishwa na jamii za wenyeji wa asili, katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Haiadhimishwi kwa namna moja nchi nzima. Katika kisiwa cha Janitzio, jimboni Michoacán, Wapurépecha hukesha makaburini usiku kucha kwa mwanga wa mishumaa. Katika mji wa Pomuch, jimboni Campeche, familia za Wamaya huitoa mifupa ya jamaa zao, huisafisha taratibu na kuivisha kitambaa kipya. Ni tendo la upendo, na mwalimu alieleze hivyo bila kuona haya. Gwaride kubwa la jiji la Mexico, kwa upande mwingine, lilianza mwaka 2016 tu, baada ya filamu ya kigeni kuonyesha gwaride la kubuni mwaka uliotangulia.

Mafuvu sasa yanaweza kuingia darasani. La Catrina, kiunzi cha mifupa cha mwanamke mwenye kofia ya kifahari, lilitokana na mchoro wa José Guadalupe Posada, aliyefariki mwaka 1913, na ulikuwa dhihaka kwa watu walioona aibu juu ya asili yao. Magazeti pia huchapisha calaveritas, mashairi mafupi ya kumtania mtu aliye hai kana kwamba kifo kimeshamfuata. Utani huo haupunguzi heshima kwa marehemu, wala sikukuu hii haihusiani na kutishana kwa Halloween, ingawa tarehe zake zinakaribiana.

Darasa likitaka kuandaa ofrenda, mwanafunzi aliyefiwa karibuni asilazimishwe kuleta picha ya nyumbani. Shule za Meksiko mara nyingi huiweka meza kwa heshima ya mtu mashuhuri, na darasa la Kiswahili linaweza kumchagua Shaaban Robert au Wangari Maathai, kisha wanafunzi wenyewe wakatafute alichokula, alichopenda na alichokifanyia kazi, ili wajue cha kumwandalia.