Elimu kwa umma: namba 2147483647 kwenye taarifa zako si ya tapeli

Tangu tuanze zoezi la kuhakiki taarifa za wateja wa maji, dawati letu limejaa lalamiko moja. Mteja anachapishiwa fomu yake, na penye namba ya simu anakuta 2147483647. Jirani yake naye anakuta hiyohiyo. Baadhi wameipiga, na walipoambiwa haipatikani wakahitimisha kwamba tapeli amezima simu.

Hiyo si namba ya mtu, ni ukomo. Nafasi ya kawaida ya namba nzima kwenye kanzidata ina biti 32, yaani vijinafasi 32 vya kuandika 0 au 1. Moja hubeba alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, na kubwa kabisa inayoenea humo ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Simu iliyoandikwa kwa kuanza na 255 inazidi bilioni 255, kwa hiyo haienei. Mfumo mwingine ungekataa. Wetu wa zamani uliandika namba kubwa kuliko zote iliyoimudu, ukaendelea na kazi. Walioandikishwa kwa 07 au 06 walipoteza sifuri ya mbele tu. Simu haijumlishwi wala haizidishwi, hivyo ilipaswa kuhifadhiwa kama maandishi. Hilo tunalikiri kwa kadiri tulivyoruhusiwa.

Sasa kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, eti namba hii imechaguliwa kwa siri kwa kuwa "haigawanyiki". Kweli ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. Mwanahisabati Leonhard Euler alilithibitisha hilo kufikia mwaka 1772, bila kikokotoo: alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63, kisha akajaribu vya aina hiyo visivyozidi 46,340, maana kipeuo chake cha pili hakifiki 46,341. Hakikupatikana hata kimoja. Ukiizidisha kwa 2 yenye kipeo cha 30 unapata 2305843008139952128, namba kamilifu: vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe vikijumlishwa vinairudisha yenyewe. Ni jambo zuri, ila halihusiani na simu yako. Ukomo wa biti 16 ni 32767, nao ni 7 × 31 × 151. Na huu wa biti 32 ungegawanyika, mngesema nini?

Kurekebisha ni bure. Fika dirisha la huduma na kitambulisho cha taifa na ankara ya karibuni, jaza fomu ya marekebisho kwa herufi kubwa, saini mbele ya afisa, dai nakala yenye mhuri. Simu iandikwe kwa jina lako, si la mpangaji. Anayesambaza taarifa akijua ni za uongo azingatie kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Uvumi kwamba mwaka 2038 saa za kompyuta zitavurugika, tofauti na huo mwingine, una ukweli. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, na zenye nafasi ya biti 32 zitafika ukomo huuhuu Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi na sekunde 7 kwa saa za Afrika Mashariki. Saa ya mfumo wetu wa ankara imeshahamishiwa biti 64. Madeni hayatafutika.