Kichupo Kikifa, Usilaumu Intaneti

Tarehe 30 Juni inapokaribia, saiba za Kisumu, Kakamega na Nakuru hujaa watu wa kuwasilisha ritani za ushuru. Kompyuta moja hufunguliwa tovuti za serikali iTax na eCitizen, barua pepe ya mteja na WhatsApp kwa pamoja, na hapo ndipo vichupo (tabs) vya kivinjari huanza kufa kimoja baada ya kingine. Sababu zinazotajwa kaunta ni nyingi, na kadhaa zinampotezea mteja muda na mwenye saiba pesa.

Dhana: "Leo mtandao ni mbaya."

Mtandao ukikatika, ukurasa uliokwisha kufunguka hubaki palepale. Ni ule mpya unaokataa, na Chrome huonyesha ukurasa wa "hakuna intaneti" wenye kidinosau chake. Kichupo kinapokufa, hata ukurasa uliokuwa umejaa hutoweka, na mahali pake panatokea "Aw, Snap!" kwenye Chrome au "Gah. Your tab just crashed." kwenye Firefox. Chini ya ujumbe wa Chrome huwa kuna msimbo wa kosa. Uandike kabla hujapakia upya, kwa sababu ndio ushahidi wako. "Out of Memory" inasema kumbukumbu imeisha. "STATUS_ACCESS_VIOLATION" inasema programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake. Hapo shuku kiendelezi (extension, programu ndogo iliyoongezwa kwenye kivinjari), kingavirusi kinachojichomeka ndani ya kivinjari, draiva (programu inayoendesha kifaa), au RAM mbovu, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine.

Kuna pia kichupo ulichokiacha kwa muda, na ukikirudia kinajipakia upya. Hicho hakijafa. Chrome imekilaza ili kuokoa kumbukumbu. Nenda chrome://settings/performance, uongeze tovuti unayoitumia kwenye orodha ya zisizolazwa.

Dhana: "Tovuti ya serikali ndiyo mbovu."

Seva ikilemewa, utaona msimbo 503 wa huduma isiyopatikana au ukurasa unaozunguka bila kufunguka. Fungua ukurasa uleule kwenye kompyuta ya jirani. Ukikaa vizuri kule, tatizo liko kwako.

Dhana: "RAM ni ndogo, ongeza tu."

Huenda ni kweli, lakini usitoe pesa kabla ya kuangalia. Tangu ilipotoka mwaka 2008, Chrome hutenganisha vichupo katika michakato mbalimbali, ndiyo maana kimoja hufa na vingine vikabaki hai. Gharama yake ni kumbukumbu. Bonyeza Shift+Esc ndani ya Chrome, kisha ubofye kichwa cha safu ya kumbukumbu ili vizito vipande juu. Mara nyingi mlaji mkubwa ni kichupo kimoja au kiendelezi kimoja, na kukifunga kunatosha.

Jambo linalosahaulika ni diski. Windows hugawa kumbukumbu kwa kuhesabu RAM pamoja na faili maalumu iliyoko kwenye diski. Diski C ikijaa, au fundi akiwa ameizima faili hiyo "ili mashine iwe nyepesi", vichupo hufa ilhali RAM inaonekana ingali na nafasi. Acha angalau GB 10 wazi kwenye C. Kisha bonyeza Windows+R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, sehemu ya utendaji (Performance), kisha Settings na Advanced, halafu kumbukumbu ya ziada (Virtual memory), na uweke alama kwenye kisanduku kinachoiachia Windows yenyewe ipange ukubwa wa faili.

Angalia pia kama Windows ni ya biti 32. Ikiwa ndivyo, haitumii zaidi ya GB 4, hata uichomeke GB 8. Na ukiamua kununua, kumbuka kwamba RAM ya aina ya DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4.

Dhana: "Ifute Chrome uiweke upya."

Usipochagua kufuta na data, wasifu wako (profile) hubaki kwenye diski pamoja na viendelezi vyake, na ugonjwa unarudi. Anza na dirisha fiche (Incognito), Ctrl+Shift+N, ambamo viendelezi havifanyi kazi isipokuwa umeviruhusu. Ukurasa ukitulia humo, nenda chrome://extensions na uzime vyote. Washa nusu, jaribu, kisha gawa tena nusu yenye kosa. Kwa viendelezi kumi utampata mkosaji kwa majaribio manne hivi. Kwa Firefox, shikilia Shift unapoifungua, nayo itakupa hali ya utatuzi (Troubleshoot Mode), isiyotumia viendelezi.

Kichupo kikifa hata kwenye dirisha fiche, tengeneza wasifu mpya ujaribu nao. Kisha ingia chrome://settings/system, uzime matumizi ya kadi ya picha, na uanzishe Chrome upya. Ikipona, tafuta draiva mpya ya kadi hiyo kutoka kwa mtengenezaji wa mashine, kisha urudishe swichi hiyo. Bila kadi ya picha, video zote humwangukia prosesa.

Dhana: "Sasisha tu, itapona."

Si kwa Windows 7. Toleo la mwisho la Chrome kwa Windows hiyo ni 109, la mwaka 2023.

Dhana: "Ni virusi."

Programu nyingine nazo zikianguka, na msimbo ukibadilika kila mara, pima RAM kwanza. Windows+R, andika mdsched, kubali kuwasha upya, na uache jaribio limalizike. Kosa hata moja linatosha kuishuku RAM. Zima, chomoa waya wa umeme, toa vipande vya RAM, na usugue miguu yake polepole kwa kifutio cheupe cha penseli. Vumbi na unyevu huharibu mguso. Rudisha kimoja kimoja, ukipima kila mara. Kitakachotoa kosa katika tundu zote kitupwe, lakini kosa likifuata tundu moja tu, ubao mkuu ndio wenye kasoro. RAM ikiwa safi na vichupo vilianza kufa baada ya umeme kupotea ghafla, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike sfc /scannow, inayokagua faili za Windows, halafu chkdsk C: /f, inayokagua diski, ukubali ukaguzi ufanyike mashine itakapowaka tena.