Je, wajua kompyuta inaweza kunusa aleji kwenye chakula kipya kabla mtu hajakionja?

Ukipita soko la Kilombero hapa Arusha unga wa lishe upo wa kila namna, mahindi, soya, karanga, mtama, kila mama na mchanganyiko wake, na siku hizi wadudu nao wanatajwa sana kwa ajili ya protini. Sasa tuseme mtu anataka kusaga senene awatie kwenye uji wa watoto. Atajuaje kama kuna mtoto atavimba midomo? Hawezi kuwanywesha watoto wa watu halafu akae kusubiri.

Iko hivi, kinacholeta aleji ya chakula karibu kila mara ni protini, na protini ni mnyororo wa amino asidi za aina 20, kila aina ina herufi yake, kwa hiyo protini nzima inaandikika kama mstari mrefu wa herufi. Zile zinazojulikana kuleta aleji, za karanga, maziwa, mayai, kamba, zimehifadhiwa kwenye databesi kama AllergenOnline ya Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani.

Chukua tropomayosini, protini ya misuli iliyomo kwenye kamba na kwa wadudu pia. Ya kamba ina herufi 284. Programu inachukua herufi 80 za protini ya chakula kipya, ya 1 mpaka ya 80, inalinganisha na databesi, halafu ya 2 mpaka ya 81, inaenda hivyo hivyo mpaka mwisho. Mwongozo wa 2003 wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ulioandikwa kwa ajili ya vyakula vya GMO, yaani vilivyobadilishwa jeni, unasema zikifanana zaidi ya asilimia 35, yaani zaidi ya herufi 28 kati ya 80, hapo kuna ishu ya kuchunguza.

Tropomayosini ya wadudu inafanana na ya kamba kupita hiyo asilimia 35 mbali kabisa. Ndo maana 2021 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walipopitia funza wa unga kama chakula walitahadharisha kwamba wenye aleji ya kamba au ya utitiri wa vumbi, vile vijidudu vya kwenye vumbi la nyumbani, wanaweza kudhurika. Na mimi hapo kwenye utitiri ndo naona pazito kwetu, maana huku Arusha na Moshi wengi hawajawahi hata kuonja kamba, ila vumbi la godoro kila nyumba lipo.

Lakini kufanana siyo hukumu. Nyama ya ng'ombe nayo ina tropomayosini inayofanana na ya kamba zaidi ya nusu, na wenye aleji ya kamba kwa kawaida wanakula nyama choma bila shida. Kwa hiyo kompyuta ikishtuka wanahamia kwenye damu ya watu wenye aleji hiyo, wanaangalia kama kingamwili zao zinaishika ile protini. Mwaka 1996 ilichapishwa habari ya soya iliyowekewa jeni ya kokwa za Brazili (Brazil nut), damu za watu 8 kati ya 9 wenye aleji ya kokwa hizo zikaitikia, na ile soya haikuingia sokoni.

Ila databesi inajua ilichowekewa tu, aleji mpya isiyo na ndugu humo inapita kimya. Kwa hiyo anayesaga senene aandike SENENE kwa herufi kubwa kwenye pakiti, na mteja akisema kamba humvimbisha, asimuuzie.